Kompyuta Zilizokufa kwenye Karatasi

Sikugundua kwamba mtu anayeleta isale, jani letu la kuomba radhi, kabla ya kosa kujulikana analijua kosa lake kuliko mtu mwingine yeyote.

Naliandika hili mwanzoni ili nisije nikajificha nyuma ya makosa ya wengine. Mimi nilisomea historia. Kwa miaka kumi na moja nilifundisha vijana wa chuo kikuu jinsi ya kuihoji karatasi: nani aliiandika, lini, na kwa faida ya nani. Utafiti wangu mkubwa ulihusu kahawa ya mlima huu, jinsi gunia linavyotoka kihambani, shamba la nyumbani, likapita mnadani, likavuka bahari hadi kwenye kikombe cha mtu asiyejua jina letu. Nilijua kulifuata gunia linalokwenda. Boksi linalokuja sikulifuata.

Kwa aliyekosa sehemu zilizotangulia, haya yanamtosha. Mkataba wangu wa chuo haukuhuishwa. Mwaka uliofuata mume wangu, Eliufoo, alifariki. Nikafungua duka la kompyuta za mtumba pale Pasua, mimi na fundi wangu Abdulsalam. Mzigo aliniletea Sifael, mdogo wa marehemu, kutoka Dar es Salaam. Mwezi wa pili nikaiuzia shule ya wasichana ya usharika wetu, juu kidogo ya Kwa Sadala, kompyuta ishirini na nne.

Shule haikuwa na mtandao. Wiki iliyopita niliishia siku ilipounganishiwa, saa nne asubuhi. Saa nne na dakika chache, kompyuta zote ishirini na nne zilijifunga mbele ya wanafunzi.

Kila kioo kilibeba maneno yale yale: kifaa hiki ni mali ya kampuni fulani ya bima ya Ulaya, na aliye nacho akirudishe kwa mwenyewe.

Niliitwa siku hiyo hiyo. Katika chumba cha kompyuta nilimkuta Mkuu wa Shule, Mwalimu Kornelia, na mwenyekiti wa bodi, Mzee Isack, aliyestaafu uaskari wa magereza.

“Mama Goodness,” alianza Mzee Isack, “mimi nimekaa na wezi miaka thelathini. Mwizi namjua hata kwa jinsi anavyoamkia.”

“Shikamoo, Mzee Isack.”

“Marahaba. Mnaona?”

Mwalimu Kornelia aliuma mdomo asicheke. Mimi sikucheka.

“Kama si mwizi wewe,” aliendelea, “ni nani aliyekuuzia?”

Jina lilinifika kwenye ulimi. Likakwama hapo.

Nitaeleza kwa nini. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, Sifael alikuja nyumbani kwa mama yake kule mlimani, akanikuta nikimsaidia mama mkwe kukata majani ya ng’ombe. Mkononi alikuwa na jani la isale, limefungwa fundo. Kwetu, mtu akikuletea isale anakiri kwamba amekukosea na anaomba yaishe. Ukiipokea, yameisha. Hulitaji tena kosa lile, nyumbani wala barazani, wala hata ukiwa na hasira za kupasua kuni.

“Shemeji, nimekukosea,” alisema. Macho yake yalikuwa kwenye gumboot zake.

Nilidhani ni kwa sababu hakufika kwenye ibada ya kumbukumbu ya kaka yake. Nikaipokea. Nikamkaribisha maziwa.

Sasa nilikuwa mbele ya vioo ishirini na vinne vilivyofungwa, na nikaanza kuelewa nilichokipokea.

“Nipeni hadi Jumatano,” niliomba.

“Jumatano bodi inakaa,” alisema Mzee Isack. “Usipokuwa na jibu, Jumapili jina lako litasomwa kwenye matangazo, ibada ya pili. Waumini waambiwe kwamba shule yao imeuziwa mali ya wizi na Mama Goodness wa Pasua.”

Asiyekulia usharikani hawezi kuupima uzito wa tishio hilo. Matangazo ya ibada ya pili husikika hadi kwa wasioingia kanisani. Jina likisomwa pale, hata mwanangu Goodness atalirithi.

“Lisomeni,” nilimjibu. “Lakini Jumatano nitakuja kwanza.”

Jioni, dukani, Abdulsalam alikuwa ameifungua kompyuta moja niliyorudi nayo kutoka shuleni, matumbo nje.

“Umeipiga window upya?” nilimuuliza.

“Mara tatu, Mwalimu. Huyu mlinzi anayeifunga hakai kwenye window. Amejengewa ndani kabisa, kwenye ubao mkuu wa mashine. Unaweza kupaka nyumba rangi utakavyo, yeye yuko kwenye msingi. Ukimpa mtandao tu, anapiga simu kwao.”

“Na kwa nini hakupiga simu zilipokuwa hapa?”

Abdulsalam aliacha bisibisi.

“Kwa sababu shemeji yako alisema nisiziunganishe. Alisimama hapo ulipo. Akasema, ‘Fundi, usimalizie watu bando, hizi zimeshajaribiwa Dar.’ Nikamwona muungwana, mtu anayejali bando la mwenzie! Siku hizi wako wangapi?”

“Kingine?”

“Zilikuja bila diski. Zote. Diski mpya nimezitia mimi. Na stika za mwenye mali zilikuwa zimebanduliwa, gundi bado inanata. Nikasema labda Wazungu ni wasafi.”

“Hukuniambia.”

“Hukuuliza, Mwalimu. Na wewe ndiye msomi hapa.”

Hilo lilinichoma kuliko yote ya Mzee Isack, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Niliketi nikaiandikia kampuni ile ya bima. Sikuomba radhi, wala sikujitetea. Niliorodhesha namba za kompyuta zote ishirini na nne nikauliza swali moja: je, hizi ziliibwa kwenu?

Kesho yake alfajiri nilipanda kwa mama mkwe. Nilimkuta chini ya ng’ombe, anakamua.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mbona mapema, Mama Goodness? Kuna msiba?”

“Hakuna msiba. Nataka kuirudisha isale ya Sifael.”

Maziwa yalikoma kudondoka kwenye kibuyu.

“Isale hairudishwi. Nina miaka themanini na mbili, sijaona.”

“Mama, wewe ulikuwepo. Alisema amekosa nini?”

“Alisema amekosa.”

“Amekosa nini?”

Akafikiri. Ng’ombe akageuza kichwa, kana kwamba naye alisubiri.

“Si ile ya kutokuja kwenye kumbukumbu ya kaka yake?”

“Alisema hivyo?”

“Hakusema.” Alijifuta mikono kwenye kitenge, polepole. “Hakusema kabisa. Mimi ndiye niliyesema moyoni.”

“Na mimi pia.”

Nikamweleza habari ya shule, ya bando na ya diski. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

“Mae!” alisema. “Mtoto huyu nimemzaa mwenyewe, na ameniuzia gunia bila kulifungua.”

“Ndiyo maana nalirudisha.”

“Watasema umevunja mila, tena mwanamke, tena mjane.”

“Waseme. Mila inataka mtu akiri. Yeye hakukiri, alileta jani tu. Mila aliivunja yeye.”

Alinyanyuka. Kisha akaingia ndani, akatoka na jani lile lililokauka, alilokuwa amelichomeka darini.

“Nitampa mimi,” alisema. “Nitamwambia arudi na bichi, na kosa liwe mdomoni, si mkononi. Wewe nenda na maziwa haya, yasije yakaharibika bure.”

Jibu la kampuni liliingia Jumanne jioni. Nililisoma mara mbili, kisha nikamsomea Abdulsalam kwa Kiswahili ili nihakikishe sikuota.

Aliyeandika alikuwa muungwana. Alisema kompyuta zile hazikuibwa. Ofisi yao hubadilisha mashine zote kila baada ya miaka minne, zikiwa bado nzima. Kwa sababu zilibeba siri za wateja, hawaziuzi. Huilipa kampuni nyingine izisage zote. Namba nilizomtumia alikuwa amezikuta kwenye hati ya uharibifu, iliyosainiwa na kugongwa muhuri, akaniambatishia nakala yake. Kwa mujibu wa hati hiyo kompyuta zote ishirini na nne zilisagwa Novemba mwaka juzi.

Mwisho aliandika: tafadhali zisageni, mtutumie picha.

“Subiri,” alisema Abdulsalam. “Zilisagwa?”

“Zilisagwa.”

“Na tuzisage?”

“Tuzisage.”

Alicheka hadi akashika meza. “Mwalimu, sisi tunauza mizimu!”

Usiku huo nilifanya kile ambacho ningepaswa kukifanya kabla ya kununua boksi la kwanza: nililifuata. Pale nilipokuwa na ushahidi nilisema najua, na pale nilipokosa nilisema nakisia. Najua kwamba ofisi za Ulaya huondoa mashine nzima, si kwa sababu zimechoka, bali kwa sababu mkataba wake umechoka. Najua kwamba nyingi kati ya hizo huuzwa kwa halali, kwa kontena, zikapangwa kwa madaraja Dubai, zikashushwa Kariakoo, na mimi na wenzangu tukazifuata huko au tukaletewa. Nakisia kwamba aliyelipwa kuzisaga hizi ishirini na nne alizitazama akaona ni dhambi, au akaona ni faida. Akazing’oa diski zenye siri, akazisaga hizo. Miili akaipakia kontena. Kisha akaandika hati kwamba vyote vimekufa.

Gunia la kahawa huondoka hapa na karatasi ya kweli, likafika huko likabandikwa jina la uongo. Kompyuta ilikuwa imenijia kwa njia ile ile, ikiwa imegeuza uso tu.

Jumatano niliingia kwenye kikao cha bodi na karatasi mbili: jibu lao na jibu langu.

“Tuambie,” alisema Mzee Isack. “Nani aliyekuuzia?”

“Sifael, shemeji yangu. Nilinunua bila kuuliza zilikotoka. Kutouliza ni kosa langu, nalikiri mbele yenu.”

Wengi mle kikaoni walikuwa na habari ya isale. Mlima huu hauna siri ya zaidi ya siku mbili.

“Unamtaja mtu uliyepokea isale yake?” aliuliza Mzee Isack, na sauti yake ilishuka kwa mara ya kwanza.

“Nimeirudisha.”

“Hairudishwi!”

“Imerudi, Mzee Isack. Mama yake Sifael mwenyewe ndiye aliyeipeleka.”

Nikamsomea barua ya kampuni. Nilipofika kwenye maneno ya kusaga aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

“Basi. Mwenye mali amesema zisagwe, zisagwe. Nyundo ipo stoo. Tunapiga picha, tunatuma, na shule ya kanisa inabaki safi.”

“Na wasichana?” aliuliza Mwalimu Kornelia. “Wana mtihani wa vitendo mwezi wa kumi na moja. Nyundo hiyo itawafundisha nini?”

“Itawafundisha kutokununua vya wizi.”

“Havikuibwa,” nilisema. “Barua imesema hivyo, mstari wa pili. Ninaomba nisome jibu langu, kisha mfanye mtakalo.”

Nilisoma hivi:

“Ndugu, umeniletea maneno mawili yasiyoweza kukaa nyumba moja. Ikiwa hati yenu ni ya kweli, kompyuta zenu zilikwisha kusagwa, na hizi zilizo mbele yetu si zenu. Ondoeni kufuli lenu kwenye mali ya watu. Ikiwa hizi ni zenu, hati yenu ni ya uongo, na tunaomba mtutajie aliyeiandika, ili nasi tujue mnyororo uliotufikia ulianza kwa nani. Chagueni moja. Diski za siri zenu hazikufika kwetu, na ushahidi wa fundi wangu nimeuambatisha. Lakini sitasaga kompyuta za watoto ili karatasi yenu ipate kuwa ya kweli.”

“Unamjibu Mzungu hivyo?” aliuliza Mzee Isack.

“Namjibu mtu hivyo.”

“Na akikasirika akawatuma polisi?”

“Watakuja Pasua, duka la kijani karibu na mashine ya kusaga. Na mimi nitawaonyesha hati inayosema wanachokitafuta hakipo duniani.”

Mwalimu Kornelia aliinua mkono kabla hajaulizwa. “Mimi kama Mkuu wa Shule naisaini barua hiyo.”

Wajumbe walitazamana. Mmoja akainua mkono, kisha wa pili. Mzee Isack hakuinua wake. Alichukua kofia yake.

“Jumamosi jioni ndipo matangazo yanapochapwa,” alisema. “Kabla ya hapo vioo visipofunguka, nitayasoma mwenyewe. Sauti yangu inafika hadi barabarani, unajua.”

“Najua, mzee. Ulikuwa gerezani.”

Hapo hata yeye alitaka kucheka, nilimwona.

Barua ilitumwa Jumatano saa nane mchana. Alhamisi kimya. Ijumaa kimya. Abdulsalam alirudi kutoka msikitini akaniambia ameniombea mimi na ile kampuni, “lakini wewe zaidi.”

Jumamosi, saa tano kasorobo, simu iliita.

“Mama Goodness,” alisema Mwalimu Kornelia. Nyuma yake nilisikia kelele za wasichana, nikadhani ni moto. “Zinafunguka! Moja, nyingine, nyingine, kama mtu anapita akibisha hodi kila mlango! Ishirini na nne zote, hata ile mliyoturudishia!”

“Wameandika nini?”

“Hawajaandika chochote. Hakuna barua.”

Kampuni ilikuwa imechagua hati. Iliona afadhali kukubali kwamba kompyuta zake zimekufa kuliko kukiri kwamba karatasi yake imesema uongo. Sikupata radhi wala maelezo, na hadi leo sijapata. Lakini kufuli lilikuwa limeondoka, na jioni ile Mzee Isack alinipigia simu yeye mwenyewe kuniambia matangazo ya kesho yamechapwa bila jina langu. Akaongeza kwamba mjukuu wake yuko kidato cha tatu pale, na anaomba salamu zake zinifikie.

Nilipoweka simu chini nilijiona nimeshinda. Wasomaji wangu mmenizoea. Mnajua hiyo ndiyo saa yangu ya hatari.

Abdulsalam alikuwa ameanza kuvuta mlango wa duka watu wawili walipoingia. Wa kwanza alikuwa mama mkwe, na kitenge chake cha kanisani. Hakuwahi kufika Pasua tangu nifungue duka. Wa pili alikuwa Sifael, amekonda, isale mbichi mkononi, imefungwa fundo.

“Nimekuja kusikia kwa masikio yangu,” alisema mama mkwe. “Safari hii hakuna mtu wa kusema moyoni. Taja.”

“Shemeji,” alisema Sifael, “nilijua zimefungwa. Aliyeniuzia Dar aliniambia: usiziunganishe na mtandao, utakuwa salama.”

“Hilo nimekwisha kulijua,” nilimjibu. “Kama ni hilo tu, lete jani lako.”

Hakunyoosha mkono.

“Sema yote,” alisema mama yake.

“Mzigo haukuwa ishirini na nne. Ulikuwa mia na ishirini.”

Abdulsalam aliuachia mlango.

“Tisini na sita nyingine ziko wapi?” niliuliza.

“Nimeziuza Hai, Rombo, na hapa mjini. Zahanati, ofisi, watu wa kawaida. Hawakutaka kununua kwangu, hawanijui. Nikawaambia ni za kwako. Wewe wanakujua. Mwalimu wa chuo, mjane wa Eliufoo.” Alimeza mate. “Nilichonga muhuri wa duka lako, shemeji. Stakabadhi zote zina jina lako.”

Mama mkwe alitafuta boksi akalikalia.

Niliwaza kufuli zile tisini na sita, kila moja ikisubiri siku mtu wake atakaponunua bando. Niliwaza kampuni ngapi, hati ngapi, na Mzee Isack wangapi.

Sifael aliinyoosha isale. Kosa sasa lilikuwa limetajwa lote, mbele ya shahidi, kama nilivyodai. Mila ilikuwa upande wake. Wote watatu walitazama mkono wangu.

Sikuipokea, wala sikuikataa. Nilimwambia aiweke juu ya meza, nikampa kiti, karatasi na kalamu.

“Anza na mteja wa kwanza,” nilisema. “Jina lake, na mahali anapokaa. Tukifika wa tisini na sita, nitaitazama isale yako.”

Jumatatu nilibandika tangazo mlangoni, kwa jina langu kamili, Elisifa, mjane wa Eliufoo: aliyenunua kompyuta yenye muhuri wa duka hili aje nayo kabla haijajifunga. Tangu siku hiyo duka la Pasua halijauza kompyuta hata moja. Linapokea zinazorudi.